Mshono Chini

"Hivi jirani, binti yako amerudi mwenyewe, au wamekurudishia sanduku lake tu?"

Mama Kipaza aliuliza hivyo asubuhi moja, ameegemea mlango wa chumba cha mbele ambacho fundi alikitumia kushonea. Hakuuliza kwa ubaya. Mungu alimpa Mama Kipaza moyo mweupe na mdomo usio na pazia, na sauti ambayo akiomba chumvi nyumba ya pili, nyumba ya nne ndio wanaomletea.

Fundi aliinamia sare ya shule iliyokuwa mbele yake akakanyaga cherehani kwa nguvu, kana kwamba lile swali lingeweza kushonewa ndani ya pindo lisionekane tena. Lakini maswali mengine ni kama sindano iliyoangukia mkekani. Huioni, ila siku ukiikalia utajua ilipo.

Maana ni kweli binti alikuwa amerudi, na ni kweli hakuwa amerudi.

Nyumbani walimwita Kifungo, kwa sababu alipokuwa mdogo alishinda chini ya cherehani akichambua vifungo kwa rangi, na kimoja akakimeza, nyumba nzima ikakesha kwa hofu. Baba yake alipofariki wakabaki wawili, mama na mtoto, kama mkono na mkono. Alipokua akapata kazi Korea, kwenye kiwanda cha vioo vya magari. Akaenda. Mama akabaki na cherehani yake, na sala zake, na simu.

Simu hiyo ndiyo iliyokuwa mtoto. Kifungo akitoka kazini alijirekodi njiani na kumtumia mama yake sauti, anatembea, pumzi zinasikika kwa baridi, na karibu kila mara mdomoni ana kitu. "Mama, leo nimekula vile vijiti vya unga wa mchele kwenye mchuzi mwekundu. Pilipili imenitoa kamasi mbele za watu!" Siku nyingine: "Mama, leo ni samaki wa kusagwa. Wanamkunja wanamchomeka kwenye kijiti, halafu unashushia na supu yake ya moto." Lakini alichokisifu kuliko vyote ni hotoki, vimkate vya bibi mmoja aliyeuza kwenye kona ya kituo cha basi. Unga uliochachuka, na tumboni sukari nyekundu, mdalasini na karanga za kupondwa. Bibi anakiweka kikaangoni, anakikandamiza kwa chuma cha mviringo chenye mpini mpaka kinakuwa bapa. "Cha kwanza ananipa mimi, mama. Anakifunga kwenye karatasi, anakipuliza mwenyewe, ananiambia, kula taratibu, sukari itakuunguza ulimi."

Fundi alizisikiliza sauti hizo akishona, zikiisha anazirudia. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya yule bibi. Alimshukuru, na hapohapo alimwonea wivu, vyote ndani ya sala moja, maana Mungu hafichwi kitu. Kumpulizia mtoto chakula ni kazi ya aliyemzaa, na huko mbali kulikuwa na mwanamke mwingine aliyeifanya.

Kwa hiyo akaomba mtoto arudi. Akaomba kama mtu anayegonga mlango na anajua mwenyeji yumo. Mkataba ukaisha, Kifungo akarudi.

Na sasa huyo hapo, chumba cha pili, kakaa dirishani. Ukimwambia ale, anakula. Ukimtania, anacheka. Ni "ndiyo mama", "hapana mama", "asante mama", adabu tele kama mgeni anayeogopa kuchosha wenyeji. Fundi alikuwa akimtamani mtu aliyekuwa nyuma ya pazia la mlango wake mwenyewe. Tena kuna siku, Mungu amsamehe, aliweka simu sikioni akasikiliza zile sauti za zamani, na huku mwenye sauti anakohoa chumba cha pili.

Halafu wakala aliyempatia ile kazi ya Korea akapiga simu. Pazia halizuii maneno, na fundi akasikia yote. Kiwanda kinamtaka tena Kifungo, safari hii awe msimamizi wa mashine aliyoifanyia kazi, na jibu litoke kufikia Ijumaa. "Nitakupigia," Kifungo akasema. Kifungo hakumwambia mama yake kitu. Fundi naye hakuuliza. Alipiga magoti kando ya kitanda akasema maneno machache kuliko siku zote: "Mungu wangu, mbakishe."

Lakini mtu aliyepiga magoti hana budi kusimama na kufanya kitu. Fundi akafikiri. Mtoto wangu anakikumbuka kile chakula. Nikimletea hicho hapahapa nyumbani, atafuata nini tena huko?

Basi siku ya kabla ya Ijumaa akaweka sare za shule pembeni. Akakanda unga kwa maji vuguvugu na hamira, akaufunika kwa kitambaa safi, akauacha uumuke. Akaponda karanga, akachanganya na sukari na mdalasini. Yote hayo aliyajua kutoka kwenye sauti, kama mtu anayejua njia ya mji ambao hajawahi kufika. Kilichokosekana ni kile chuma cha kukandamizia. Akatazama huku na huku. Pale juu ya kabati ilikaa pasi ya mkaa, ya marehemu mume wake, haijaguswa tangu waanze kutumia ya umeme. Akaishusha. Akaisugua kwa mchanga, akaisugua kwa sabuni, akaimwagia maji yanayochemka mpaka tumbo lake likang'aa, kisha akalipaka mafuta.

Mama Kipaza alifika kwa kufuata harufu.

"Jirani, unafanya nini na pasi jikoni?"

"Napika."

"Kwa pasi?"

"Kwa pasi, ndiyo. Umekuja kuangalia au umekuja kusaidia?"

"Nimekuja kushangaa." Mama Kipaza akavuta kigoda. "Leo unapiga pasi mkate, kesho nitakukuta unashona wali."

Fundi akachukua donge la unga, akalitandaza kiganjani, akaweka sukari katikati, akakusanya kingo zake na kuzibana juu kama anavyofunga mdomo wa mto uliojazwa pamba. Kazi safi. Akakiweka kikaangoni, mshono juu. Angewekaje vingine? Tangu ajifunze ushonaji hajauacha mshono ukae asipouona. Mshono unakaa juu, unauangalia, ukianza kuachia unaudaka mapema. Akashika pasi akakandamiza.

Mshono ukapasuka. Sukari ikaruka kwenye mafuta, ikawa nyeusi papo hapo, moshi ukajaa jikoni.

Akafunga cha pili, akakibana zaidi. Kikapasuka. Cha tatu akakikunja kingo mara mbili, mshono wa suruali ya fundi ujenzi, usioachia hata ukiburuzwa. Nacho kikapasuka, tena kwa hasira kuliko wenzake.

"Jirani," Mama Kipaza alisema huku akikohoa, "hicho chakula chako kinatapika. Ngoja nikaanue nguo zangu kabla hazijanuka." Akatoka mbio, na sauti yake ikasikika uani ikiwaonya majirani wengine nao waanue.

Fundi akabaki ameshika pasi, macho yanamwasha, asijue ni moshi au ni nini.

Pazia likavutwa. "Mama, nini kinaungua?"

Kifungo akaangalia kikaango. Akaangalia bakuli la sukari na karanga. Kisha akaiona pasi ya baba yake inayochuruzika mafuta mkononi mwa mama yake. Halafu akacheka. Hakikuwa kile kicheko cha mgeni. Kilikuwa kile cha chini ya cherehani, kinachoanzia puani na kumalizika kwa kushika mbavu.

"Mama! Umepiga pasi hotoki?"

"Sasa ningefanyaje? Mwenzangu ana chuma chake, mimi nina pasi."

"Nipishe, mama. Nipishe hapo." Kifungo akaosha mikono, akapandisha mikono ya gauni, akasafisha kikaango. Vidole vyake vilifanya kazi haraka, bila kuuliza. Akafunga donge moja, akaligeuza. "Mshono chini."

"Chini kwenye moto? Si ndio utaachia kabisa?"

"Ukiuweka juu ndio unaachia. Ukiutanguliza motoni unaiva kwanza, unajifunga wenyewe. Ukishajifunga unageuza, ndipo ukandamize. Hata ukiukalia haufunguki." Akatabasamu bila kumwangalia mtu. "Bibi alinipiga makofi mkononi mpaka nikashika."

"Kumbe alikufundisha?"

"Siku za mapumziko nilikuwa namsaidia. Magoti yake yalikuwa yanamsumbua."

"Hukuwahi kuniambia."

Kifungo akageuza kimkate. Upande uliokuwa chini ulikuwa wa dhahabu, na alama ndogo ya mshono katikati kama kitovu. "Niliogopa utaumia, mama," alisema.

Fundi akampa pasi. Kifungo akakandamiza kwa upole, na kimkate kikatandaa, upande mmoja kimechongoka kama ncha ya pasi yenyewe. Hakikupasuka.

Karatasi za yule bibi zilikuwa kule. Fundi akachana kipande cha karatasi ya kaki anayochorea vipimo vya nguo, safi, haijaandikwa, na Kifungo akaikunja ikawa kama kikombe. Akatumbukiza kimkate, akakishika kwa mikono miwili, akauma. Sukari iliyoyeyuka ikamtiririkia kidevuni. Akafumba macho.

Fundi alikuwa mtu wa kuangalia. Kwa kuangalia tu alijua mteja aliyenenepa na anaona aibu kusema, na bibi harusi asiyemtaka bwana harusi. Akamwangalia mwanawe. Akaona mabega yakipanda kidogo na kukusanyika, kama ya mtu aliyepigwa na upepo wa baridi, na humo jikoni kulikuwa na joto la kutoa jasho.

"Ni yenyewe," Kifungo alisema, macho bado yamefumba, machozi yanapita pembeni. "Ni yenyewe kabisa, mama. Ila haina baridi. Kule unaishika hivi kwa sababu vidole vimekufa ganzi. Bibi anasogea upande, unasimama naye karibu na jiko. Basi linakuja, linaondoka, unaliacha lipite."

Hapo fundi akaelewa. Alikuwa amemletea chakula, na kumbe chakula kilikuwa mlango tu wa kwenda kule. Amemfungulia mwenyewe, kwa pasi ya baba yake.

Kifungo akafumbua macho, akajifuta kwa mgongo wa mkono. "Mama, kuna kitu sijakuambia. Kiwanda kilikuwa kinanitaka tena."

"Nilisikia."

"Nimempigia wakala leo asubuhi. Nimemwambia siendi."

Moyo wa fundi ukaruka kama ndama aliyefunguliwa. Ameomba, amepewa. Angeweza kusema asante Mungu, akaosha vyombo, na jambo likaishia hapo. Lakini macho yake yalikuwa kwenye ile karatasi ya kaki. Kifungo alikuwa bado ameishika kwa mikono miwili, ameibana kifuani, kama mtu aliyekaa kituoni anayejikinga na upepo. Na fundi akakumbuka alivyokuwa akiweka simu sikioni. Akajiona: angekaa miaka na mtoto huyu nyumbani, na bado angekuwa anasikiliza zile sauti za zamani.

"Mpigie tena," alisema.

"Nani?"

"Wakala. Kesho ndiyo mwisho, na leo ofisi haijafungwa. Mwambie unakwenda."

"Mama, mimi nimeshaamua..."

"Umeamua kwa ajili yangu. Nimekuona. Mpigie."

Akakichukua kile kimkate mkononi mwa mwanawe, akakishika karibu na midomo yake, akakipuliza. Akakipuliza tena, polepole, kama zamani meno ya mtoto huyo yalipokuwa mawili tu. Kisha akamrudishia.

"Kula taratibu," alisema. "Sukari itakuunguza ulimi."

Kifungo alikipokea. "Na wewe, mama? Wewe utabaki na nani?"

Fundi akapanga vimkate viwili kwenye sahani, vya Mama Kipaza, maana aliondoka bila kuonja. Akavifunika kwa kitambaa kilichofunika unga. Ndani ya kinywa chake lilikuwepo neno moja tu, baki, na alijua kwamba akifungua mdomo kwa lolote, litatoka hilo. Akabana midomo kama anavyoibana anaposhika pini kwa meno, akainua sahani, akasukuma mlango wa uani kwa kiwiko, akatoka.