Mablanketi Mawili

Mama aliyekwenda ng'ambo kumtembelea bintiye alikuwa fundi cherehani, na kwao walimwita Mama Pindo, maana hakuna aliyemfikia kwa kunyoosha pindo. Tangu ashuke kwenye ndege alikuwa ameshika kichwa mara nyingi mno, hata bintiye akamtania kwamba mikono itaotea hukohuko.

Kwanza ilikuwa mashine ya kufulia. Haikuwa uani wala bafuni, ilikuwa jikoni, chini ya pale wanapokatia vitunguu! Soksi za mkwe zinazunguka kwenye povu, na mchuzi unachemka pembeni.

"Nguo chafu na chakula, chumba kimoja?"

"Nyumba za huku ndivyo zilivyo, mama."

Halafu bafuni. Hakuna ndoo, hakuna kopo, na sakafuni hakuna tundu la kutolea maji. Mama Pindo, ambaye kuoga kwake ni kujimwagia maji hasa, alioga kama alivyozoea, maji yakatoka chini ya mlango yakaenda kulowesha zulia la korido. Mkwe akaja mbio na mataulo, akidhani bomba limepasuka. Aibu ile mama aliimeza.

Lakini kilichomkata maini kilikuwa chumbani.

Siku hiyo binti, muuguzi, alikuwa kazini, na mkwe, dereva wa treni, naye hakuwepo. Mama Pindo alikunja nguo zao zilizokauka, akazipeleka aziweke mlangoni mwa chumba chao. Kuingia asingeingia hata kwa bunduki; chumba cha mkwe ni chumba cha mkwe. Ila mlango ulikuwa wazi, na macho yakatangulia.

Kitanda kilikuwa kimoja, kipana, hapo hana neno. Lakini juu yake kulikuwa na mablanketi mawili madogo, kila moja limekunjwa upande wake, na katikati shuka tupu kama mpaka wa mashamba.

Moyo ulimlipuka. Aliketi palepale koridoni, nguo mapajani. Ndoa ya juzijuzi tu! Akakumbuka kwamba jana mezani hawakuzungumza sana, naye akadhani ni uchovu. Kumbe mwanawe anateketea huku anamtolea mama meno.

Akampigia wifi yake.

"Wifi, mtoto ameachika humuhumu ndani ya nyumba."

"Mungu wangu! Umejuaje?"

"Usiniulize nimejuaje."

Sasa, wifi huyo mdomo wake ulikuwa redio. Kufika jioni ukoo mzima ulikuwa na habari.

Walikuwa mezani wanakula simu ya binti ilipolia. Alikuwa mjomba wake, kaka wa Mama Pindo, na sauti yake ilijaa chumba kizima.

"Mpe mumeo simu. Tumekaa kikao."

"Kikao cha nini, mjomba?"

"Cha ndoa yenu."

Mkwe, aliyekuwa akijifunza Kiswahili kidogokidogo, aliweka uma chini. "Ndoa yangu imefanya nini?"

Binti akamgeukia mama yake. "Mama?"

Mama Pindo alitamani ardhi ipasuke aingie. "Nilikuwa napita na nguo," alisema akitazama sahani. "Mlango ulikuwa wazi. Nikaona kila mtu na blanketi lake."

Binti aliangua kicheko mpaka machozi. Mkwe hakucheka. Alikuwa amekodoa macho kama mtu aliyesikia treni yake imeibwa.

"Lakini mama, huku kila mtu ana lake. Baba na mama yangu, miaka yote. Kwani kwenu watu wawili wanajifunika blanketi moja?"

"Ndiyo, baba. Watajifunikaje mawili?"

"Na wakivutana?"

Mama Pindo alifungua mdomo kujibu, ndipo akamkumbuka marehemu mumewe, aliyekuwa akijiviringisha kama mkeka na kumwachia yeye baridi ya miguu. Walikuwa wakiamka wamenuniana.

"Tunavutana," alikiri.

"Mimi navutwa mpaka leo!" mjomba akadakia kwenye simu. Nyuma yake sauti ya mkewe ikasikika: "Waulize hayo madogo wananunua wapi!"

Hapo hata mkwe alicheka, na kikao kikavunjika bila mwenyekiti kukifunga.

Baadaye, wakiosha vyombo wawili tu, mashine ikinguruma magotini mwao, Mama Pindo bado hakuwa ametulia.

"Mwanangu, nimeelewa. Lakini sasa… usiku wa baridi?"

"Mama, lile ni blanketi, si ukuta. Linafunuliwa."

"Ishia hapohapo!" Mama Pindo alijifunika uso kwa kitambaa cha vyombo. "Sijasikia. Nipe hiyo sufuria."