Chesisi ya Landrova ya Baba

Chuma kizima kikigongwa hulia. Cha Landrova ya baba kilinyamaza. Nilikuwa chali kwenye sakafu ya gereji ya Tormod, nyundo mkononi, nikiigonga chesisi, fremu ya chini inayobeba gari zima, kutoka mbele kwenda nyuma, na kila nilipozikaribia tairi za nyuma mlio ulizidi kufifia, mpaka nyundo ikazama na vumbi jekundu likanimwagikia machoni.

"Ni mwani huo," Tormod alisema, ameinama na kikombe chake cha chai. "Miaka thelathini mtu anabeba mwani mbichi wa kurutubishia viazi, maji ya chumvi yanachuruzika humo ndani. Nani asiyefanya hivyo hapa kisiwani Lewis? Halafu tunailaumu mvua."

Nikacheka. Bado nilikuwa na moyo wa kucheka. Baba alipofariki mwezi wa Februari, wasia wake ulimpa kaka yangu Alasdair nyumba na shamba, Alasdair aliyekaa Glasgow miaka ishirini na miwili na hajui kondoo anaanza kunyolewa wapi. Mimi binti yake niliyebaki, niliyemwogesha na kumlisha uji kwa kijiko, nikapewa gari. Majirani walinionea huruma, nami nikawajibu kwamba hawajui lile gari lilikuwa nini kwake. Shamba humwendea mwana wa kiume, ndiyo desturi, lakini gari ndilo alilolipenda. Aliyekupa kipendacho roho yake hakukunyima. Maneno hayo nililala nayo, nikaamka nayo.

Basi nilitaka lipite ukaguzi wa mwaka, liingie barabarani, watu walione. Kazi yangu ni kuchomelea vizimba vya samaki, kwa hiyo chuma hakinitishi. Nikawasha mashine ya kukatia, nikaanza kuichuna lami nyeusi aliyoipaka baba. Cheche ziliruka, kisha zikakoma. Diski ilikuwa inasaga kitu kisicho chuma.

Nikapitisha kidole. Saruji. Nyuma ya saruji, nyavu kuukuu zilizoshindiliwa kama pamba kwenye mto. Nilizivuta zikatoka urefu wa mkono mzima, zinanuka pwani. Lo! Kipande chote kilichobeba ekseli ya magurudumu ya nyuma kilikuwa saruji na nyavu, kimepakwa lami kikapendeza.

"Mzee Tormod, nani amefanya upuuzi huu?"

Akainamia kikombe chake cha chai. Na mdomo wa Tormod kwa kawaida haujui likizo.

"Mzee Tormod."

"Mwanangu, mimi nilimwambia. Nilimwambia, Ruairidh, hili gari limekufa, limebaki kuzikwa. Baba yako akaniambia nifunge mdomo, akachanganya saruji mwenyewe, hapo mlangoni."

"Lini?"

"Seonag..."

"Nimekuuliza lini."

"Mwaka juzi. Wakati wa kukata majani."

Wasia uliandikwa mwaka jana, Novemba. Mimi ndiye niliyempeleka kwa wakili mjini Stornoway, kwa gari hilihili. Nilimfunga mkanda, nikamfunika blanketi magotini. Njia nzima aliniambia niende polepole. Nilidhani anauonea huruma mgongo wake.

Uchungu ukanipanda, na haukuwa wa msiba. Ule nilikwisha kuuzoea. Baba alijua. Alijua kabla kalamu haijagusa karatasi, na bado akaninyooshea mkono kana kwamba ananipa kitu.

"Tulikatekate, tuuze vyuma?" Tormod aliuliza taratibu.

"Hapana. Niagizie nusu ya nyuma ya chesisi, mpya. Nitaichomelea mwenyewe, lipite ukaguzi, kisha nitaliuza. Na atakayelinunua nitamlaza hapa chini nimwonyeshe kila mshono."

"Gari la baba yako hilo, Seonag. Watu watasema."

"Waache waseme. Midomo ni yao."

Akatikisa kichwa, akaenda zake kwenye meza ya vifaa. Mimi nikarudi chini ya gari, nikaendelea kuichokonoa saruji, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamtukana baba, kwa sauti, kwa jina lake. Tormod akaongeza sauti ya redio asinisikie.