Zamu ya Nyumba ya Mitsue

Wageni mimi siwapendi, na nasema hivyo nikiwa nimekalia kiti nilichonunua kwa fedha zao. Achari yangu ya figili wanaigombania. Wananunua mitungi, wananipiga picha nikifunga vifuniko, wananiinamia, wakishapinda kona nawasema mpaka nikaukiwe na mate. Shigezo anasema mimi mnafiki. Shigezo huyo huyo, mwenyekiti wetu, anauza maandazi ya mvuke pale kituo cha basi, na kabla wageni hawajaanza kuja alikuwa anapika ishirini kwa siku na kumi na tano anakula mwenyewe.

Lakini bafu ni mambo mengine. Hapa kijijini kwetu Nukumi tuna bafu letu, kibanda cha mbao chini ya mteremko. Maji ya moto yanatoka yenyewe ardhini, yananuka yai viza, na ukishaizoea ile harufu huwezi kulala bila kuipata. Nyumbani kwangu hakuna bafu, wala hakujawahi kuwa na haja nalo. Mama aliniogesha mle nikiwa na siku kumi, na sasa nina miaka sabini na sita.

Kiwanja ni cha mji. Babu zetu waliandikiana na mji kwamba bafu tutaoga sisi peke yetu maadamu nyumba nane zinalisafisha. Nane, si saba. Ndiyo maana tuna kibao cha zamu. Kinatundikwa mlangoni kwako wiki nzima, na wiki hiyo kila alfajiri unasugua wewe. Jumapili unakihamishia mlango unaofuata, hakuna kuruka. Nyuma yake kila nyumba imeandika jina, na lazima aandike yule yule anayeshika brashi. Kila mwaka, maua ya mcheri yakianza kuanguka, anakuja mtu wa halmashauri, anageuza kibao, anahesabu majina. Yakipungua, bafu linarudi kwa mji. Na mji umeshachora ramani: bafu kubwa la wageni, la kukata tiketi, lenye duka la aiskrimu. Mimi nikaoge wapi? Kwenye ndoo ya figili?

Sasa, Mitsue alifariki mwezi wa kumi. Tulikuwa ukuta kwa ukuta, na miaka sitini tumesuguana migongo. Mwaka mmoja hatukusemeshana kwa sababu ya paka, lakini mgongo alinisugua hivyo hivyo, kimya, amenuna. Shigezo alipiga mstari kwenye jina lake kwenye kibao, tukabaki saba. Nyumba akarithi mpwa wake aliyeko Osaka, Tomoharu, naye akaigeuza ya kulala wageni. Tukambembeleza: njoo wiki moja tu kabla ya ukaguzi, sugua, andika jina, urudi zako. Akasema atakuja. Jumapili jioni akampigia simu Shigezo.

"Anasema kazi zimembana," Shigezo akaniambia, simu bado iko sikioni. "Anauliza kama anaweza kutuma hela tumtafute mtu."

"Mwambie hela zake hazishiki brashi!"

"Bi Ineko anakusalimu," Shigezo akamwambia, akakata.

"Sasa?" nikamwuliza. "Nagase wa halmashauri anakuja Ijumaa saa tisa."

"Sasa sijui. Kibao hakiruki mlango. Kitundike pale tuone."

Nilikitundika kwenye mlango wa Mitsue, nyumba ya nne, kwa hasira, kamba nusura ikatike.

Jumatatu basi likashusha wageni wa Tomoharu, Pilar na mumewe Anselmo, Wahispania, watu wazima wa kutosha kuwa na akili. Nikawachungulia dirishani. Wakakiona kibao, wakakigeuza, Anselmo akakinusa. Nikasema moyoni, haya, sasa wataning'iniza soksi hapo.

Jumanne alfajiri nikachukua brashi yangu nikashuka bafuni, maana zamu iwe ya nani, mimi siogi kwenye uchafu. Nikakuta taa inawaka. Anselmo amekunja suruali mpaka magotini, anaimba, anasugua sakafu. Pilar yuko chini ya benchi, anaonekana miguu tu. Kumbe walimwuliza Kaname, dereva wa basi, kile kibao ni cha nini, naye akawaeleza kwa simu ile inayotafsiri. Wakaona wamepewa heshima kubwa.

"Si hivyo!" nikafoka. "Unaanzia juu unashuka chini! Kwenu hamna sakafu?"

Hawakuelewa hata neno moja. Nikawaonyesha kwa mikono. Anselmo akaanzia juu akashuka chini, anacheka.

Asubuhi ni saa za wanawake. Anselmo akaondoka, Pilar akavua, akaoga kwanza nje ya dimbwi kama watu, akaingia. Tulikaa, maji yakitufika shingoni. Nilipotoka nikakaa kwenye kigoda kujisugua, akachukua kitambaa mkononi mwangu, hakuuliza, akaanza kunisugua mgongo. Nilitaka kugeuka nimwulize nani kakutuma. Sikugeuka. Tangu mwezi wa kumi hakuna mkono uliokuwa umefika pale katikati, na nilikuwa nimesahau kwamba panawasha. Nilitoa machozi kidogo. Mle ndani kila kitu kimelowa, hakuna anayejua.

Jumatano wakasugua, Alhamisi wakasugua. Nikawauzia mtungi mmoja wa achari, nikaongeza figili mbili juu bila kuambiwa. Shigezo akaona, akakohoa.

"Kohoa vizuri, usije ukafa," nikamwambia.

Sasa Ijumaa. Lazima mjue kwamba ukingo wa bafu letu ulikuwa na ukoko. Maji yale yana chokaa, na kwa miaka mia chokaa imeganda juu ya jiwe, nene, laini, yenye mabonde mahali watu walipoegemeza mikono. Bonde la kiwiko cha baba yangu lilikuwa upande wa dirisha. La Mitsue lilikuwa karibu na langu. Ukoko ule hauguswi, hata mtoto anajua.

Nikashuka alfajiri. Pilar na Anselmo wamepiga magoti ukingoni, wana miiko ya chuma ya jikoni kwa Mitsue, wanakwangua. Walikuwa wamebakiza kipande cha kiganja tu. Sakafuni kuna vipande vyeupe, ndoo nzima. Wakageuka wakaniangalia kwa furaha, nyuso zimejaa vumbi la chokaa. Walitaka kutuachia zawadi ya kwaheri.

Loh! Nilipandwa na mori. Niliyoyasema mle ndani siyaandiki hapa. Nilimwita Anselmo majina ambayo sikumwita hata marehemu mume wangu. Nao wakasimama, wakainama, wakanishukuru. Nikazidi kuwaka. Nikapanda nao mpaka mlangoni kwao, nikakichomoa kibao, nikakisukuma kifuani kwa Pilar, nikaonyesha kibao, nikawaonyesha wao, nikaonyesha barabara.

"Chukueni kibao chenu mpotee!"

Pilar akaweka mkono mdomoni, macho yakamlenga machozi, akanikumbatia. Nikajua amechanganyikiwa. Nikaingia ndani nikabamiza mlango nikakata figili kwa fujo.

Saa nne Shigezo akaja, amevaa koti la mikutano.

"Kibao kiko wapi? Nataka kukifuta vumbi."

"Mlangoni kwa Mitsue."

"Hakipo. Na wageni wameondoka na basi la saa tatu."

Nikaweka kisu chini. Nikayaona yote kwa mpigo, mkono wangu ukisukuma, ukionyesha, ukionyesha tena. Kumbe wamedhani nimewapa kiwe chao.

"We Ineko," Shigezo akasema polepole, "umefanya nini?"

"Usiniulize. Basi linalofuata ni saa ngapi?"

Basi lile lilikuwa limefutwa miaka sita, likarudishwa kwa ajili ya wageni. Mimi ndiye niliyeandika barua ya kwanza ya kulipinga, kwamba linatimulia vumbi figili zangu. Kaname akafungua mlango, akanitazama, akatabasamu meno yote.

"Bi Ineko! Si ulisema siku ukipanda hili basi tukuzike?"

"Endesha, mtoto wa watu, kabla sijakuzika wewe."

Akaendesha. Nitamsifu mbele za watu siku nikiwa na nafasi.

Niliwakuta stesheni, wamekaa kwenye benchi, wanakula achari yangu kwa vidole. Kibao wamekifunga kwenye begi la Pilar, kinaning'inia hadharani. Waliponiona wakaruka juu. Walidhani nimekuja kuwasindikiza.

Nitawaambiaje? Simu ya kutafsiri sina. Nikapiga magoti pale pale stesheni, nikasugua sakafu kwa brashi ya hewa. Nikaonyesha kibao. Nikahesabu vidole vinane, nikakunja kimoja, nikajifanya nalia. Nikajifanya Nagase, anageuza kibao, anatikisa kichwa, anafunga mlango wa bafu. Nikajifanya mimi, nachafuka, nanuka. Watu wakajaa. Wageni wengine wakatoa simu wakanirekodi, na mmoja akaniwekea sarafu miguuni. Miaka mitano nawasema wanaojianika mbele ya wageni, leo niko stesheni na magoti yangu mabovu nacheza maigizo.

Anselmo ndiye aliyeelewa kwanza. Akamwambia Pilar. Pilar akawa mwekundu, akakifungua kibao, akanipa kwa mikono miwili. Nikaona ameumia kweli, alikuwa amekipenda. Roho ikaniuma. Nikavua taulo langu la bafu shingoni, lile la bluu lenye jina la Nukumi, nikamfunga yeye. Halikuwa safi sana. Akalinusa, akacheka, maana lilikuwa linanuka yai viza.

Ndani ya basi nikakigeuza kibao.

Chini ya jina la Mitsue, lililopigwa mstari, palikuwa na jina jipya. Mawili. Yameandikwa kwa wino, kwa herufi zetu zile wanazoanza nazo watoto wa darasa la kwanza, makubwa, yamepinda: Piraru. Anserumo. Ndivyo majina yao yanavyosomeka kwetu. Walikuwa wameona majina, wakaona nafasi, wakaandika. Nilisahau taulo, nilisahau kila kitu. Pale pa Mitsue! Watu wa siku nne!

"Kwangua," Shigezo akasema, nilipofika na kumwonyesha. "Kwangua upesi, atasema tumekifanya daftari la wageni."

Nikaleta kisu cha figili. Nikakaa kwenye ngazi ya bafu, kibao mapajani, nikaweka ncha ya kisu kwenye herufi ya kwanza.

"Habari za hapa?" akasema Bwana Nagase. Amekuja kabla ya saa, kama kawaida ya watu wanaotaka kukuta kosa.

Akakichukua kibao mkononi mwangu. Akahesabu kwa kidole.

"Saba. Na hapa pameandikwa… Piraru? Huu ukoo wa wapi?"

Shigezo akainama kufunga kamba za viatu.

"Bi Ineko, sheria ni nyumba yenye mtu anayeshika brashi. Huyu ameshika brashi?"

"Ingia uone," nikasema.

Akavua viatu akaingia. Alikaa humo kitambo. Alipotoka alikuwa anapangusa miwani.

"Miaka kumi na moja nakuja hapa," akasema, "leo ndiyo nimejua lile dimbwi lina jiwe jeusi. Nani kafanya kazi hii?"

Nikatazama lile jina lililopinda. Mtu aliyeliandika alikuwa amebonyeza kalamu kwa nguvu, mpaka wino ukavuja kidogo juu ya ule mstari wa Mitsue. Nikakumbuka mgongo wangu.

"Piraru," nikasema. "Na mumewe. Nyumba ya nne."

"Ni nani hao?"

"Majirani zetu."

"Wako wapi?"

"Wametoka kidogo."

"Wamekwenda wapi?"

"Kwao mara moja."

Bwana Nagase akamtazama Shigezo. Shigezo akatazama mlima.

"Na hicho kisu, Bi Ineko?"

"Cha figili."

Akasimama pale, kibao mkononi, maua ya mcheri yakimwangukia kwenye koti. Kisha akatoa karatasi yake, akaandika nane, akagonga muhuri, akaomba maandazi mawili ya kula njiani. Shigezo akampa sita.

Siku hizi ukoko umeanza kuota tena ukingoni, mwembamba kama utando wa uji. Zamu ya nyumba ya nne inarudi mwezi ujao. Nimeshanunua brashi mbili mpya, nimeziweka mlangoni kwa Mitsue. Atakayelala humo wiki hiyo, atoke Uhispania atoke mwezini, nitambishia hodi saa kumi na moja alfajiri. Aje asugue sakafu, aje anisugue mgongo. Ukoko wangu asiuguse.