Kichwa cha Ralitsa Juu ya Sofia

Hapana jirani, nani kakuambia ndege ilikuwa mbovu? Ndege ilikuwa nzima kabisa. Shida ilikuwa kichwa cha mjukuu wangu Ralitsa. Siyo akili, akili anazo tele, na hakuzitoa kwangu mimi niliyeacha shule nikachunge kondoo. Nasema kichwa chenyewe, hiki kinachokaa shingoni.

Siku hiyo alikuwa anapimwa. Akifaulu, kiti cha rubani msaidizi ni chake. Akishindwa, anarudi kuwakatia abiria tiketi, kazi yake ya zamani. Anayempima ni Kapteni Anselmo, Mreno, mgeni kabisa hapa Bulgaria, hata supu yetu ya matumbo alikuwa hajaionja. Na supu ile, ukiitia kitunguu saumu na siki... haya, tuiache.

Basi wanarudi Sofia, mawingu mazito kama godoro. Kapteni anaendesha, Ralitsa anaongea na mnara wa kuongozea ndege. Mnara ukamwambia: bakini futi elfu saba, msishuke, kuna ndege inapita chini yenu. Ralitsa akayarudia maneno yote, ndiyo sheria yao. Lakini wakati huohuo Kapteni alikuwa kwenye simu na mhudumu, kuna mtoto katapika huko nyuma, kwa hiyo ya mnara hakuyapata. Akakata simu, akauliza:

"Wameturuhusu kushuka?"

Ralitsa sikio bado liko redioni. Akamjibu kwa kichwa, juu, chini.

Mimi na wewe, Wabulgaria, tunajua kasema hapana. Si ndivyo tunavyokataa tangu tukiwa tunanyonya? Lakini kwa Mreno, kichwa kikienda juu na chini ni ndiyo! Akapeleka mkono kwenye kile kitufe cha mviringo cha kupanga kimo, akaanza kukizungusha, ndege ishuke.

Ralitsa akauona ule mkono. Aliniambia, "Babu, nilijiuliza kitu kimoja. Huyu ndiye ananipima, nimkatalie?" Akamkatalia. Tena kwa ile sauti ya bibi yake ya kuita mbuzi:

"Kapteni, hapana! Tubaki elfu saba! Mnara umekataa!"

Mkono ukarudi kama umegusa jiko la moto. "Tunabaki elfu saba," Kapteni akasema. "Lakini si umeniitikia?"

"Hicho ni kichwa cha Kibulgaria, Kapteni. Sikiliza mdomo."

"Waulize tena."

Akawauliza. Mnara ukajibu vilevile: elfu saba, msishuke. Hawajakaa sawa, mawingu yakaachana kidogo, wakaiona ndege nyingine, mkia mwekundu, inakatiza chini yao. Mreno akamwita mama yake kwa lugha yao.

Baadaye mnara ukaruhusu. Kapteni akamgeukia Ralitsa: "Nataka mdomo!"

"Mdomo unasema tushuke mpaka elfu nne!"

"Tunashuka elfu nne!"

Wakawa wanajibizana hivyo mpaka chini, kama wauza pilipili sokoni. Wakatua laini, abiria wakapiga makofi. Najua, sisi huwa tunapiga hata tukitua vibaya, lakini Ralitsa anasema yale yalikuwa marefu.

Sisi huku nyumbani hatujui lolote. Mke wangu Stoyanka kapanga maharage ya chungu, pilipili za kuoka na banitsa, ile yake ya matabaka ya unga na jibini, na amekataza mtu kugusa hata punje mpaka mtoto aje na jibu. Nilinyoosha mkono, nikapigwa mwiko.

Geti likalia. Ralitsa huyo, na nyuma yake bwana mrefu amekumbatia kofia.

"Wewe ndiye uliyempima mtoto wangu?" Stoyanka akamvaa kabla ya salamu. "Sema haraka, chakula kinapoa!"

Ralitsa akamtafsiria. Bwana akacheka, akajibu, na Ralitsa akamrukia bibi yake shingoni kabla ya kututafsiria. Ilibidi tumtikise bega.

"Anasema nimefaulu, Bibi. Anasema nilifaulu pale pale nilipomkatalia, kwa sababu yeye hamtaki rubani wa kunyamaza ili amfurahishe."

Weee! Stoyanka akampiga Mreno busu la shavu mpaka kofia ikaanguka. Mimi nikamimina rakia, ile pombe yangu kali ya matunda. Kila mtu anaongea, hakuna anayesikiliza.

"Kaeni basi!" Stoyanka akapiga kelele.

Tukavuta viti, tukakaa, tukala.