Kipenga cha Maji

Ijumaa asubuhi, kabla jua halijakaza, Verlon Tackett alifungua bomba la jikoni, akayaacha maji yatiririke mpaka yapoe, kama marehemu mkewe alivyomzoeza. Akajaza jagi la bati, akalifunika kisahani, akaliweka kwenye kiti cha abiria cha pikapu yake na kulifunga mkanda. Halafu akaenda uwanja wa shule, ule wa mpira wa Kimarekani, kumpelekea shemeji yake maji.

Shemeji mwenyewe, Royce Kettler, alikuwa palepale pa siku zote, kwenye mstari wa yadi thelathini upande wa kusini. Alikuwa ameinama, vidole vya mkono mmoja vimegusa nyasi, makalio juu, uso mbele, kofia ngumu kichwani, jezi namba sitini na nne mgongoni. Alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa nayo hiyo hiyo tangu Agosti aliyokufa. Verlon, ambaye siku hiyo alikuwa ameinama ubavuni pake, sasa alikuwa mzee mwenye nyonga ya chuma na nyumba isiyo na mtu.

Chuy Arredondo, mtunza uwanja, alizima mashine ya kukatia nyasi.

"Umeamkaje, mzee?"

"Nimeamka tu. Yeye je?"

"Kama jana. Ndege walimchafua begani, nimempangusa."

Verlon alipiga goti lile lililobaki zima, akapitisha mdomo wa jagi katikati ya vyuma vya kofia, akamimina. Maji yalifika kwenye midomo ya Royce, yakagoma. Yakateleza kidevuni, yakaanguka chini. Royce hakuyameza kwa sababu alikuwa hajaruhusiwa. Nelda, dada yake na mke wa Verlon, alimpelekea maji kila Ijumaa ya maisha yake ya ndoa, na aliyefaidi ni nyasi. Pale alipoinamia Royce palikuwa na duara la kijani kibichi hata ule mwaka pamba zote za mji wao wa Caddo Flat zilipoungua mashambani.

"Usiku wa leo wanamleta Kocha," alisema Chuy.

"Najua."

"Basi na wewe chana nywele, mzee. Usije ukatuaibisha mbele ya wakubwa."

"Wakubwa," alisema Verlon, akatema mate upande wa majukwaa.

Wahenga walisema mkubwa ni jalala, kila taka hutupwa kwake. Caddo Flat jalala walikuwa watoto. Enzi za Kocha Gaylon Stroud, mazoezi ya Agosti yalikuwa mawili kwa siku, asubuhi na alasiri, na sheria yake ilikuwa kwenye kipenga. Kipenga kifupi, rudia. Kipenga kirefu, maji. Ndoo za maji zenye barafu zilipangwa pembeni mwa mstari ambapo kila mtoto angeziona, vikombe vikielea juu, na kipenga kirefu kilikuwa kikija pale Kocha alipotaka kije. Alasiri ile kilikuja kifupi, na kifupi tena, na kifupi tena. Royce alianguka. Kocha akamwambia inuka, akainuka. Akamwambia inama, akainama. Akafa hivyo hivyo, ameinama.

Wakamzika Jumamosi. Mama yake alikiona kifuniko cha jeneza kikifungwa juu yake. Jumatatu timu ilipofika uwanjani, Royce alikuwa kwenye mstari wake, anangoja. Kocha alimtazama, akatazama saa, akapuliza kifupi, na mazoezi yakaendelea kwa kumkwepa.

Shule ilisema ni moyo, alizaliwa nao mbovu. Daktari aliyesema vingine alihamia mji mwingine. Chama cha mashindano kilikaa kikao na kuamua kwamba Royce ni sehemu ya uwanja, kama nguzo za goli. Mpira ukimgusa, mchezo unasimama, unaanza upya. Wakamfunga sponji kiunoni na mabegani ili watoto wanaomgonga wasiumie. Wachezaji wakiingia uwanjani walimpiga kofi la kofia ili wapate bahati. Kina mama wa kamati ya timu walishona vikaragosi vyake, ameinama, wakaviuza pamoja na maua ya karatasi yenye riboni ambayo wasichana huyabandika kifuani siku ya Ijumaa ya Kurudi Nyumbani, wahitimu wa zamani wanaporudi shuleni kutazama mechi.

Nelda alipokuwa akikata roho, mwezi wa Machi, hakutaka mambo mengi. "Verlon," alimwambia, "maua usiniletee. Mpatie Royce maji." Wakubwa wa hospitali walikuwa wamemzungusha mpaka uvimbe ukawa mkubwa kuliko dawa, naye hakuwa na neno nao. Neno lake lilikuwa hilo moja.

Kutoka uwanjani Verlon alipitia mkahawa wa Wanda, akakaa na wenzake wa timu ile. Dub Haskell alikuwa na mikono inayotetemeka. Vichwa alivyogonganisha ujanani vilikuwa vimemchukulia majina ya watu, lakini matokeo ya mechi zote alikuwa nayo kama sala. Leon Janek alikuwa na magoti mawili yasiyokunjika, kwa hiyo alikaa pembeni ya meza amenyoosha miguu, na Wanda alikuwa akiiruka na birika la kahawa.

"Watoto wa siku hizi!" alisema Dub. "Wana barafu, wana feni za kunyunyiza maji, wana daktari anawashika mkono. Tumbo likimkata mmoja tu, 'Kocha, naomba kupumzika.' Sisi nani alipumzika?"

"Mimi nilinyonya soksi," alisema Leon. "Soksi yangu mwenyewe, ina jasho la siku tatu. Nikaiona tamu kama soda."

"Yako? Afadhali yako! Mimi nilikunywa maji ya tangi la choo. Nimeinamia tangi, nyuma yangu namsikia Floyd, Mungu amlaze, ananivuta kaptura: 'Usiyamalize, mchoyo we!'"

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Wanda naye akacheka.

"Na vile vidonge vya chumvi tulivyomezeshwa badala ya maji?"

"Nilitapika kijani."

"Mimi bluu!"

"Bluu gani, mwongo mkubwa wewe? Ulikula penseli?"

"Kocha alitufanya watu," alisema Dub, akifuta macho. "Wallahi, yule mzee alitufanya watu."

"Na Royce alimfanya nini?" aliuliza Verlon.

Wanda akarudi jikoni. Leon akaangalia viatu vyake kule mbali vilipokuwa.

"Verlon, ndugu yangu," alisema Dub kwa upole, "usituharibie andazi. Kila Ijumaa ni hilo hilo tu. Nelda alikuwa mtu mzuri, tunajua. Lakini jamani!"

"Isitoshe, Royce bado anacheza," alisema Leon. "Sisi magoti yalishakufa zamani, yeye yuko uwanjani na jezi yake. Hebu niambie, nani kala hasara hapo?"

Dub akageuka. "Wanda! Mke wangu anaitwa nani vile? Nimpigie simu anitolee jezi."

"Earlene," alijibu Wanda kutoka jikoni, kama kila Ijumaa.

Verlon akaacha hela mezani, akaenda ofisi ya shule. Msimamizi wa shule, Preston Applewhite, alikuwa kijana wa tai na meno meupe, na ukutani alikuwa na mchoro wa uwanja ujao: nyasi za plastiki mwisho mpaka mwisho, na juu ya lango jina la Kocha Stroud kwa herufi za shaba. Kwenye mchoro Royce alikuwepo, kadoti kadogo kwenye yadi thelathini.

"Mzee Tackett, karibu. Usiku tutakuona kwenye mstari wa mashujaa, eh?"

"Nataka kitu kimoja," alisema Verlon. Kofia yake alikuwa ameivua na hakujua ameivua saa ngapi. "Kocha akiwa pale na kipenga, apulize kirefu. Kimoja tu. Shemeji anywe, aende zake."

Applewhite alimtazama kwa huruma ya kufundishwa.

"Mzee wangu, mimi binafsi sina neno. Lakini mwanasheria wetu atasema hivi: tukimpa maji leo, tumesema siku ile alinyimwa."

"Si alinyimwa?"

"Ndicho ninachokueleza."

Verlon alirudisha kofia kichwani. Hakusoma sana, lakini alijua mlango uliofungwa unavyofanana, hata ukipakwa rangi nzuri.

Jioni mji mzima uliingia uwanjani. Taa ziliwaka juu ya nguzo, nondo wakazijia. Bendi ilipiga, na majukwaani watu walikula chipsi za mahindi zilizomwagiwa mchuzi wa nyama kwenye pakiti zake. Wavulana walitoka mbio kwenye lango la moshi, mmoja mmoja wakampiga Royce kofi la kofia. Wakati wa mapumziko, timu ya zamani ilijipanga nyuma ya goli katika jezi zilizoishia kitovuni.

Verlon alikuwa ameomba kusukuma kiti cha magurudumu cha Kocha, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa na nyonga nzuri zaidi, akapewa. Jagi alilificha chini ya blanketi la miguu ya mzee. Gaylon Stroud alikuwa amekauka kama ganda la pamba, lakini macho yalikuwa yale yale, na kipenga kilikuwa shingoni.

"Tackett," alisema bila kugeuka. "Ulikuwa mzito wa kuanza."

"Ndiyo, Kocha."

Lilimtoka lenyewe. Miaka yote ile alikuwa amemtukana mtu huyu jikoni kwake, mbele ya Nelda na mbele ya ukuta, na sasa neno la kwanza kumwambia likawa hilo.

"Na yule wa Kettler? Bado yupo?"

"Yupo. Anakungoja wewe. Kocha, mpulizie kipenga. Dada yake alikuomba miaka na miaka, ameshakufa. Sasa nakuomba mimi."

Mzee alikigusa kipenga kwa kidole. Wakafika mstari wa yadi thelathini.

"Nitapuliza," alisema.

 Verlon alitoa jagi, akapiga goti kwenye duara la nyasi, akaliegemeza kwenye vyuma vya kofia. "Shemeji," alinong'ona, "jiandae kunywa. Nelda anakusalimu." Macho ya Royce yalitazama mbele. Midomo yake ilikuwa na mipasuko ya chumvi.

Applewhite alisema maneno kwenye kipaza sauti, nidhamu, urithi, familia. Kitambaa kilichofunika jina la Kocha juu ya lango kikavutwa, herufi za shaba zikang'aa. Watu wakasimama. Kocha akaletewa kipaza sauti, lakini kwanza akatia kipenga mdomoni, akavuta pumzi ndefu, mbavu zikainuka chini ya shati, na Verlon akaanza kulilaza jagi.

Kikalia kifupi.

Royce aliinuka. Udongo wa zamani ulimpukutika vidoleni. Akatoka mbio, kichwa chini, sponji zikimtikisika kiunoni, akafika mstari wa katikati, akakanyaga, akageuka, akarudi akihema kwa sauti ya msumeno, akainama palepale. Na nyuma ya goli wazee wote walikuwa wameinama. Magoti ya Leon, yale yasiyokunjika, yalikuwa yamekunjika. Dub alikuwa ameinama na mikono yake haikutetemeka. Verlon mwenyewe alijikuta makalio juu, vidole vimegusa nyasi, na jagi limelala ubavu mbele yake, maji yanazama ardhini.

"Tena," alisema Kocha kwenye kipaza sauti.

Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Kikalia kifupi, Royce akatoka mbio. Kikalia kifupi tena. Watoto walipanda kwenye uzio wapate kuona vizuri. Mtangazaji alisema sasa hivyo ndivyo walivyofundishwa zamani, mabibi na mabwana, na Applewhite alipiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa.

Kocha alikufa kabla ya Krismasi, usingizini, na bendera zikashushwa nusu mlingoti. Shule ilikuwa imerekodi kipenga chake. Tangu hapo kila Ijumaa wakati wa mapumziko hukipiga kwenye vipaza sauti, na Royce hukimbia mpaka bendi itakapokuwa tayari. Timu ngeni huja mapema zipate kuona. Kamati ya kina mama imeanza kushona kikaragosi cha pili, anakimbia.

"Uliona kasi yake jana?" Dub humuuliza Verlon pale mkahawani. "Tungekuwa na mmoja kama yeye mwaka ule, tusingefungwa na mtu."

Verlon hunywa kahawa yake. Alikwenda mara moja kwenye kaburi la Nelda, akasimama na mikono mitupu, akaondoka.

Nyasi za plastiki zililetwa kwa malori na kutandikwa msimu uliofuata. Mafundi walichimba lile duara la kijani, wakalijaza kokoto, wakalikata zulia vizuri kufuata vidole vya Royce. Mchana wa Agosti zulia lile huchoma soli ya kiatu.

Ijumaa ya kwanza ya mazoezi, Verlon aliacha maji yatiririke mpaka yakapoa. Akaja, akapiga goti, akainuka haraka kwa moto, akatandika koti lake, akapiga goti tena. Akamimina. Maji yalifika kwenye midomo, yakagoma, yakaangukia plastiki, yakaviringika kama shanga mpaka kwenye mfereji wa pembeni.

Chuy alikuja na kitambaa.

"Samahani, mzee wangu. Mkataba wa zulia unakataza maji."

"Wakubwa wamesema?"

"Wamesema."

Akapangusa alipopaswa kupangusa, kisha akampangusa Royce kidevu pia. Verlon alifunika jagi kwa kisahani, akalifunga mkanda kwenye kiti, na alipokuwa akiwasha gari alikisikia kipenga kwenye vipaza sauti. Walikuwa wakikijaribu.