Kibanda cha Tatu, Merrylands

Jumamosi saa tisa alasiri Katungu alikuwa jikoni kwake, ghorofa ya tatu, Merrylands, Sydney, akikoroga sombe ya majani ya muhogo, aliposikia mabuti mazito kwenye roshani. Roshani hiyo haina ngazi. Alipunguza moto, akafungua pazia, akaona mto wa barafu umefika hadi kwenye nguo alizoanika. Ulikuwa mpana na mweupe, umefunika maegesho ya magari na paa la duka la mikate, kisha ukapanda taratibu upande wa Parramatta mpaka mawinguni. Watu watatu waliofungana kamba moja walikuwa wakivua skii zao na kuziegemeza kwenye mashine ya kufulia.

Wa mbele alikuwa Rodrigue. Wa nyuma alikuwa Médiatrice. Katikati, mahali ambapo kwa miaka miwili alikuwa akifungwa Katungu, alikuwapo Diane, msichana aliyejiunga na kwaya yao mwaka huu.

Sasa, safari yao ya barafuni New Zealand ilikuwa imevunjika. Hivyo ndivyo alivyojua Katungu. Siku tisa kabla, Médiatrice alimtumia ujumbe kwamba vibanda vya mlimani vimefungwa, barafu imeharibika, New Zealand hakuna tena, pole sana dada. Katungu alirudisha likizo yake kazini, akalia kidogo bafuni, akaona yamekwisha. Na safari yenyewe ni yeye aliyeianzisha. Katika nyumba ya wazee anakofanya kazi, Lidcombe, mzee mmoja aliyepanda milima ujanani alimfundisha mafundo ya kamba kwa kutumia mkanda wa joho lake la kuogea. Katungu akawafundisha wenzake wawili kwenye ngazi za jengo. Akawapeleka kwenye theluji ya hapa kujifunza kuteleza na kuanguka. Akachagua njia ya siku tano juu ya barafu, kutoka kibanda hadi kibanda. Fadhila ya punda ni mateke, lakini punda angalau hakuandikii pole.

"Hodi," alisema Rodrigue, ambaye alikuwa ameshaingia.

"Karibuni. Mabuti yabaki inje. Carpet ni ya agent, na Tuesday iko inspection."

Walivua. Rodrigue alikunjua ramani, akalinganisha na dirisha, akasema hiki ni kibanda cha tatu, wamefika kwa wakati. Médiatrice alichukua sufuria, akatoka kuijaza theluji aiyeyushe kwa chai, kwa sababu mlimani anayefika huwatengenezea wenzake maji. Hakuuliza sufuria iko wapi. Jikoni hapo alipajua kuliko kwake, na muda wote huo hakumtazama Katungu usoni.

Kwa kina Katungu mgeni haulizwi jambo kabla hajala. Mama yake alishika sheria hiyo hata katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ambako mara nyingi cha kumpa mgeni kilikuwa maji tu. Basi Katungu alimeza maswali yake, akasonga bugali, akapakua sombe aliyokuwa ameipika imtoshe wiki nzima, akasimama akiwatazama wakila. Walikula sana. Barafu inatia njaa.

"Asante kwa jaketi, dada," alisema Diane, akijipangusa mdomo. "Ni warm kabisa. Médiatrice alisema umeachana na mambo ya mlima."

Jaketi lilikuwa la bluu. Médiatrice alikuwa ameliazima mwezi uliopita, eti kwa mgonjwa anayehamia Canberra. Ndani ya kola palikuwa na kitambaa kidogo chenye jina, kimebandikwa kwa pasi, kwa maana wanaotunza wazee hubandika jina na namba ya chumba kwenye kila nguo ili isipotelee kwa dobi, na Katungu alikuwa amezoea hivyo hata kwa nguo zake. KATUNGU, chumba hakuna.

"Ulivae vizuri," alisema Katungu.

Rodrigue akalala hapohapo kwenye zulia, akisema wataondoka alfajiri kabla theluji haijalegea. Diane akalala kwenye kochi. Médiatrice akabaki anaosha sahani.

"Uliza sasa," alisema. "Nimekwisha kula."

"Juu ya nini mulinifanyia hivi, Médiatrice?"

"Rodrigue anamtaka Diane. Alisema Diane aje, kama si vile gari na booking zote anaziondoa. Na watu wanne hakutaka, anasema tutachelewa."

"Mungeniambia."

"Si mimi nilisema, dada. Mimi niliandika tu ile message."

Mama yake Médiatrice alipofariki kambini, mama yake Katungu aliwapeleka watoto kwa karani wa mgao, akamwambia andika watano. Alikuwa na wanne. Karani alihesabu vichwa, akaandika watano, na kwa miaka kumi na moja walikula kwa kadi moja. Katungu hakulisema hilo. Hakukuwa na haja, kwa sababu Médiatrice alikuwa akiifuta sahani ileile kwa mara ya tatu.

Alfajiri walijifunga kamba. Fundo la Diane lilikuwa bovu. Katungu alilifungua, akalifunga upya, akalivuta mara mbili kwa nguvu zake zote. Kisha Rodrigue akataka daftari, maana hakuna anayeondoka kibandani bila kuandika kundi lake lina watu wangapi na linaelekea wapi, ili atakayekosekana atafutwe. Wakachukua daftari la jikoni, lile la zamu za kazi. Médiatrice ndiye mwenye mwandiko mzuri, akaandika. Wakashukuru kwa chakula, wakaelekea Parramatta kwa mstari mmoja, wakawa vidoa vitatu, kisha wakatoweka.

Katungu alisoma. *Kutoka Sydney, watu watatu. Wote tupo. Hakuna aliyepotea.*

Aliketi sakafuni akalia mpaka jua likatoka.

Barafu haikuondoka. Jumanne wakala wa nyumba alikagua, akaandika kwamba zulia ni safi na roshani isiwekwe vitu vinavyozuia njia. Jumatano walifika Wajerumani wawili kutoka kibanda cha pili, wakala, wakasifu sombe, wakaandika majina yao. Katungu alinunua godoro moja la ziada.

Jumapili iliyofuata Médiatrice aliingia kanisani, uso umeungua, ila kuzunguka macho, palipokaa miwani ya theluji, ngozi imebaki kama ilivyokuwa. Mama mmoja alimwuliza kulikoni.

"Nilikuwa Perth, kwa binamu. Jua la kule, weh!"

Akaja akaketi kando ya Katungu, mahali pake pa siku zote, akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa bado kigumu kwa kamba.

"Nilikukosa wiki yote, dada," alisema, kwa sauti ya kusikika na waliokaa nyuma. "Ile safari yetu iliyokufa, tusiiache. Mwaka kesho, Mungu akipenda, weye na mimi."

Kanisani mtu akisema Mungu akipenda, jirani yake hujibu.

"Amina," alisema Katungu, akasogea kidogo ili Médiatrice apate kukaa vizuri.