Kilio Mbele ya Nyumba ya Siku

Muke wangu Nyiramahirwe alikufa wakati wa mvua, na moto wa kilio chake ulizimwa na maji. Nasema ulizimwa, sisemi uliisha. Kwetu moto wa kilio unaachwa ule kuni zake mpaka ujimalize. Mutu akiumwangia maji, ni sawa vile amemufukuza marehemu mulangoni akiwa bado anaaga.

Tunaishi Himbi, si kwenye majumba makubwa, ni nyuma yao, kwenye avenii ndogo ya mawe ya volkano inayoshuka mpaka ziwani. Zamani kila nyumba ya pale ilikuwa na watu. Mutu akifa, huyu analeta kuni, huyu mukeka, huyu sufuria, bila kuombwa. Kiisha wenye nyumba wakaona feza ya wageni. Wakawatosha wapangaji nje, wakapaka rangi, wakatundika taa za bluu ukutani. Sasa ni nyumba za siku: unalipa leo, unalala, kesho unaenda zako. Watu wa semina, watu wa ndoa wanaokuja kupiga picha na ziwa, wapenzi wa wikendi. Unamusalimia mutu asubuhi, jioni hayuko tena. Ni jirani wa namna gani huyo?

Siku ya kilio tulifunga bashi, turubai la kukinga mvua, juu ya barabara, sababu kiwanja changu ni kidogo. Wanawake walikuwa wanaimba nyimbo za kanisa, polepole, si kwa kelele. Wageni waliolala kwa Achille, nyumba ya siku inayoangaliana na mulango wangu, wakapiga simu. Akaja Constant, shefu wa avenii, yule serikali imemupa kusimamia barabara yetu, na askari nyuma yake.

"Poleni sana," akasema. "Lakini hawa watu wamelipa ili walale."

Askari akaingia jikoni kwangu, akatoka na bidon ya maji, akayamwanga motoni. Watu wakakunja mikeka, wakaenda kumalizia kwa shemeji yangu Viateur, kule Mapendo. Miye nilibaki naangalia moshi.

Sikusoma sana. Lakini hii najua: shefu wa avenii anawekwa na mukubwa wake, na huyo anawekwa na mwingine, unapanda hivyo hivyo mpaka kule juu kabisa. Na kule juu ndiko yale maji yalitoka. Askari alishika bidon tu.

Mama Micheline, Munande wa Butembo anayeuza samaki ya Vitshumbi pale kwenye kona, alikuwa na hasira kama miye, lakini hasira yake ilikuwa na mupango. Alikusanya sisi wachache tuliobaki, akasema tuombe serikali ya provensi mazungumuzo: nani anaongoza avenii yetu, na nyumba za siku zifuate sheria gani. Alienda kwenye biro za wakubwa, akarudi, akaenda tena. Walinzi wakamupa jina, Mama Samaki. Kila mara anaambiwa mukubwa yuko safarini, mukubwa yuko kwenye kikao, mukubwa ametoka sasa hivi.

"Mama Micheline," nikamuambia, "unakamua ng'ombe dume."

"Wacha nikamue, Papa Havugimana. Siku moja itaona haya."

Mwaka wa kifo chake ulipokaribia kuisha, nikaita famili ili tutoshe kilio, yaani tumalize matanga. Muzee wangu alikuwa anasema kilio kinatoshwa pale kiliwashwa. Si Mapendo. Ni hapa, barabarani, mbele ya mulango wetu, mahali moto ulipigwa maji. Nilitaka kitu kimoja tu, moto wake uwake hapa na umalizike wenyewe. Nikatuma neno Rutshuru, nikatuma Masisi: Jumamosi.

Juma ile ile Micheline akanijia mbio, kitenge kinaburuta vumbi.

"Papa! Wamekubali! Konseye wa gavana, mushauri wake, atashuka yeye mwenyewe!"

"Siku gani?"

"Jumamosi."

"Wapi?"

Akaangalia chini. "Kwa Achille. Wanasema yeye ndiye ana chumba kikubwa na viti."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Mazungumuzo juu ya nyumba za siku, ndani ya nyumba ya siku!

"Cheka, papa, cheka. Lakini nakuomba, songeza kilio mbele. Juma moja tu. Constant anataka barabara iwe wazi, gari zipite."

"Famili iko njiani tayari."

"Nyiramahirwe alikuwa rafiki yangu, unajua. Hana haraka sasa."

"Provensi pia haina haraka. Basi isongeze yenyewe."

"Provensi haisongezi siku, papa, inafuta! Tukiwakosa Jumamosi hawatarudi. Unataka nianze tena kukaa kwenye benchi lao?"

"Walizima moto wangu. Leo wanataka hata nisiuwashe."

Akakaza kitenge kiunoni. Kiisha akaenda bila kuaga, na mutu wa Butembo asipokuaga ujue imeingia ndani.

Jumamosi asubuhi niliwasha. Viateur alileta kuni kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, pamoja na kasiksi, pombe ya ndizi, kwenye mabidon, maana ndizi za Masisi zilikuwa zimeiva vizuri. Famili ikakaa kuzunguka moto, bashi juu, mawe chini. Mbele yetu, kwa Achille, nilimuona Micheline na wenzake wakipanga viti vyeupe na chupa za maji. Alikuwa amevaa vikwembe vya sikukuu. Hakuangalia upande wangu.

Constant akaja anashuka mbio mbele ya gari.

"Tosheni bashi! Wakubwa wanashuka!"

"Wanashuka?" Viateur akamujibu. "Wakifika chini watuambie kukoje. Sisi tuko huku tangu zamani."

Watu wakacheka.

"Sitanii, Viateur!"

"Na miye sitanii, shefu. Leo bidon iko wapi? Ao tukuazime moja? Lakini iko na kasiksi, itachochea moto."

Gari mbili zikasimama. Zingetaka kupita, zingepita juu ya moto. Konseye akafungua mulango mwenyewe. Alikuwa muzee wa nywele nyeupe, na ukimuangalia unajua amelelewa na mama wa huku kwetu, sababu hakuuliza nani amefunga barabara. Aliuliza:

"Nani alikufa?"

"Muke wangu, Ekselansi."

"Jina lake?"

"Nyiramahirwe."

Akavua kofia. Akachukua kipande cha kuni kwenye fungu, akakitia motoni, akakaa kwenye benchi kando yangu. Huku mutu hapiti kilio bila kukaa, hata awe nani. Waliokuwa naye nao wakakaa. Constant akabaki amesimama, hajui aweke wapi mikono. Mutu wa redio aliyekuja nao akapiga picha.

Tukamupa kasiksi, akakunywa. Nikamuambia, "Ekselansi, moto huu, wakubwa waliuzima hapa hapa."

"Pole sana, papa. Pole."

"Waliuzima sababu ya wageni wa hii nyumba."

"Pole. Mungu ampumuzishe." Akaomba kikombe kingine, akaanza kusimulia vile mama yake alizikwa, na mvua ya siku ile, na namna kaburi lilijaa maji. Alisimulia vizuri. Wanawake walilia. Na miye nililia, sitaficha.

Micheline akatoka kwa Achille na wenzake. Akapiga magoti kidogo.

"Ekselansi, tunawangojea ndani."

"Mama, siasa haiingii kwenye kilio," akasema kwa upole. "Kaa."

Akakaa. Angefanya nini? Nyiramahirwe alikuwa rafiki yake. Alikaa na vikwembe vyake vya sikukuu kwenye jiwe, na maneno yake yote yamefungwa kinywani. Jua likapanda. Kiisha simu ya konseye ikalia, akasikiliza, akasimama, akamushika kila mutu mukono.

"Nimewaona, nimewasikia," akasema. Gari zikarudi kinyumenyume mpaka kwenye barabara kubwa.

Jioni tulinawa mikono, wote, kwenye beseni moja, ndivyo kilio kinafungwa. Moto ukapungua, ukawa makaa, makaa yakawa majivu. Hakuna mutu aliyeugusa.

Redio ilisema nini? Ilisema konseye ameshuka Himbi, amekaa chini na wananchi, amesikiliza shida zao, na mazungumuzo juu ya nyumba za kupangisha kwa siku yamefanyika kwa amani. Yamefanyika! Micheline akarudi kwenye benchi lao. Walinzi wakamuambia: "Mama Samaki, mambo yenu si yaliisha? Tulisikia kwa redio."

Mvua ilipokuwa inarudi, mwenye nyumba ya Micheline akamuambia atoke, anataka kupaka rangi. Alipita kwangu na beseni yake.

"Unahamia wapi?"

"Mapendo. Kule watu wako bado."

"Ni wakubwa, mama. Ni wao wameharibu yote."

"Ni wao, najua. Lakini, papa, ile siku moja walishuka, walikuwa kwako wanakunywa."

Nikasema tu, "Moto wake uliisha vizuri."

"Niliuona. Ulikuwa moto muzuri." Akanyanyua beseni kichwani, akaikaza. "Na siku yako ikifika, Papa Havugimana? Nani ataleta kuni hapa?"

Akapanda avenii polepole, sababu ya mawe. Gari la watu wa ndoa lilikuwa linashuka na mahoni, akajibana ukutani lipite. Niliangalia upande huu, nikaangalia upande ule. Kulikuwa na rangi mupya tu, na taa za bluu, na mulinzi mumoja asiyenijua aliyeniuliza kama natafuta chumba.